Wataalamu wa kuvu waende vijijini

Natoa maoni yangu juu ya msomi mmoja ambaye jina lake hutajwa mara nyingi, lakini kazi yake haielezwi ipasavyo. Naye ni George Washington Carver, Mmarekani Mweusi, ambaye wengi humwita mgunduzi wa siagi ya karanga.

Sifa hiyo si yake. Karanga zilisagwa na kuliwa Amerika ya Kusini karne nyingi kabla hajazaliwa, na mama zetu hawakumngoja yeye ili waunge mboga kwa karanga. Ile orodha ndefu ya vitu alivyotengeneza kwa karanga ilivuma sana, lakini vingi havikufika sokoni. Carver alikuwa mtaalamu wa kuvu na magonjwa ya mimea, na zaidi ya hapo alikuwa mwalimu.

Alizaliwa utumwani katika jimbo la Missouri miaka ya 1860. Chuo kimoja huko Kansas kilimkubali kwa barua, lakini alipofika na kuonekana kuwa ni Mweusi, kikamfungia mlango. Hakukata tamaa. Mwaka 1891 aliingia Chuo cha Kilimo cha Iowa, akiwa mwanafunzi wa kwanza Mweusi hapo. Alipopata shahada mwaka 1894 alibaki kuwa msaidizi wa Profesa Louis Pammel, akikusanya kuvu mashambani na porini. Mwaka 1895 wawili hao waliandika pamoja juu ya magonjwa ya kuvu yanayoshambulia mimea. Ziko kuvu zilizopewa jina lake kwa heshima, kama vile Taphrina carveri.

Mwaka 1896 Booker T. Washington alimwita akafundishe Tuskegee, Alabama. Carver angeweza kubaki Iowa penye maabara na vitabu. Badala yake alikwenda kwa wakulima maskini ambao ardhi yao ilikuwa imechoshwa na pamba. Alibaki hapo hadi alipofariki tarehe 5 Januari, 1943.

Jambo linalonigusa zaidi ni namna alivyofundisha. Aliandika vijitabu vipatavyo 44 kwa maneno ambayo mkulima wa kawaida angeyaelewa. Mwaka 1906 chuo kilitengeneza gari la kukokotwa na nyumbu, likapakiwa mbegu na zana, likapelekwa vijijini kwa wale wasioweza kufika darasani. Na kuvu hakuziacha. Mwaka 1935, akiwa mzee, Wizara ya Kilimo ya Marekani ilimteua kuwa mshiriki katika kazi yake ya kuchunguza kuvu na magonjwa ya mimea.

Ndugu Mhariri, jambo hili linatuhusu sana sisi wakulima wa Tanzania. Sumukuvu, ile sumu itokanayo na kuvu kwenye karanga na mahindi, ilianza kujulikana baada ya maelfu ya bata mzinga kufa Uingereza mwaka 1960. Carver alikuwa amekwisha kufa. Lakini sisi hatuna kisingizio. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumu hiyo na 20 kati yao wakafa. Hawakufa kwa njaa. Walikufa kwa chakula walichokivuna wenyewe.

Kinga yake si ya gharama kubwa: kuanika juu ya turubai badala ya udongo mtupu, kutupa punje zilizovunjika na kuota ukungu, na kuhifadhi zikiwa zimekauka barabara. Kupika hakuondoi sumu hii. Mambo haya wataalamu wetu wanayajua vizuri. Swali ni je, mama anayepukuchua mahindi kijijini ameyasikia kutoka kwa nani?

Hapa Kongwa tunakumbuka mradi mkubwa wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Walileta matrekta na mamilioni ya fedha, lakini hawakuijua mvua wala udongo wetu, wala hawakumwuliza Mgogo. Carver alikuwa na nyumbu tu, lakini alianza kwa kumjua mkulima na shamba lake.

Kwa hiyo nashauri mambo mawili. Kwanza, vyuo vyetu vinavyofundisha elimu ya kuvu vimpeleke kila mwanafunzi kijijini wakati wa mavuno, akaanike na kuchambua pamoja na wakulima. Pili, mtaalamu apimwe pia kwa idadi ya maghala aliyoyaokoa, si kwa maandishi aliyoyatoa peke yake. Elimu iliyofungiwa kabatini nayo huota ukungu.

Mkulima wa karanga,
Kongwa, Dodoma.