Nani Anarudi Kukaba?

Januari 22, 2024, Ivory Coast walichapwa 4-0 na Guinea ya Ikweta mjini Abidjan, nyumbani kwao, kwenye AFCON waliyoiandaa wenyewe. Kocha Jean-Louis Gasset akaondoka, msaidizi wake Emerse Faé akakabidhiwa timu, na Februari 11 kikosi kilekile kikabeba kombe kwa kuifunga Nigeria 2-1. Vijiweni jibu lilikuwa tayari: walijiamini, wakawa kitu kimoja. Si uongo, ila halituambii kujiamini huko kulitoka wapi, kwa watu waliokuwa wakizomewa majuma matatu tu kabla.

Mwenye shaka ana hoja nzito. Ivory Coast walivuka makundi kwa kudra, baada ya Morocco kuifunga Zambia. Sébastien Haller na Simon Adingra walirudi baada ya majeraha, na kwenye fainali mabao yote mawili yalianzia miguuni mwa Adingra. Basi ni afya na bahati, saikolojia ya nini? Lakini itazame robo fainali dhidi ya Mali. Odilon Kossounou wa Ivory Coast alitolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko. Mali, waliokwisha kukosa penalti, wakatangulia dakika ya 71. Wenyeji, wakiwa kumi, walisawazisha dakika ya 90 na kushinda mwishoni kabisa mwa muda wa nyongeza. Bahati inaweza kumkosesha mpinzani penalti. Haimfanyi beki aliyechoka apande mbele huku timu imepungukiwa mtu. Hupanda anayejua kwamba pengo aliloliacha nyuma limezibwa. Kujiamini kwenye mchezo wa timu, kwa maoni yangu, ni kumwamini mwenzako kuliko kujiamini wewe mwenyewe.

Wapo watakaosema tumegeuza mambo: ushindi ndio huleta umoja. Kwa sehemu kubwa wako sahihi. Brian Mullen na Carolyn Copper, walipojumlisha tafiti nyingi mwaka 1994, waliona kwamba matokeo mazuri huvuta mshikamano kwa nguvu kuliko mshikamano unavyovuta matokeo. Waliona pia kwamba kinachobeba uzito ni kujifunga kwa pamoja kwenye kazi; kupendana kuna mchango mdogo. Mashabiki wa Manchester United hawahitaji utafiti: washambuliaji wao Andy Cole na Teddy Sheringham hawakuwa wakisemeshana, na mwaka 1999 wakachukua mataji matatu. Walinuniana, lakini kila mmoja alijua mwenzake atakuwa wapi mpira ukifika.

Ndiyo maana hamasa zetu Tanzania hunitia wasiwasi kidogo. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan alianza kutoa shilingi milioni 5 kwa kila bao la Simba na Yanga kwenye mashindano ya CAF. Sina ugomvi na fedha hizo, zimechangamsha viwanja. Ila zinahesabu bao, na bao huonekana na kila mtu. Winga aliyepoteza mpira dakika ya 80, akageuka na kukimbia mita sitini kumsaidia beki wake, hana anayemhesabia, wala kamera haimfuati. Mbio hizo hazizaliwi na ahadi inayotolewa usiku wa kuamkia mechi. Huzaliwa mazoezini, kwa kocha anayesimamisha mpira kila winga asiporudi, hata kama winga mwenyewe ndiye kipenzi cha jukwaa.