Utoro na Aibu ya Kuomba Msaada

Msomaji kijana, katika mitaa yetu mna desturi moja isifiwayo kuwa ni heshima, na kumbe ni adui wa watoto. Mwana akishikwa na homa, majirani wote huarifiwa. Lakini akianza kutoroka shule, kuwajibu wazazi wake kwa matusi na kulala kusikojulikana, milango hufungwa na habari zake hunong'onwa. Husemwa kwamba siri ya nyumba haitoki nje. Mimi nasema kwamba desturi hii ni mbaya, na nyinyi mtakaokuwa wazazi kesho msikubali kuirithi.

Wako waiteteao. Husema kuwa asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Basi mtoto wa namna hiyo na aachwe afunzwe. Methali hiyo ni onyo kwa mzazi, wala si ruhusa ya kumtupa mtoto. Ulimwengu ni mwalimu asiye na huruma: hufunza kwa muguka, kwa wizi, kwa mimba za mapema na kwa pingu, na aghalabu mwanafunzi wake huelewa somo wakati umekwisha kupita.

Wengine husema kuwa fimbo yatosha. Lau fimbo ingalitosha, utoro ungalikwisha zamani, maana fimbo ilitawala shule za Kenya miaka mingi hata serikali ilipoipiga marufuku mwaka 2001. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakaza zaidi: amwadhibuye mwanafunzi kwa kumpiga aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi sita, au yote mawili. Lakini tuiweke sheria kando, tuiulize akili. Kijana mmoja hutoroka kwa kuwa hawezi kusoma sawasawa na wenzake, naye huona haya. Wa pili huonewa na wakubwa bwenini. Wa tatu amechoka kurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Wa nne ameonja fedha za bodaboda, na daftari halimpi hata senti. Je, bakora moja huponyaje magonjwa manne? Humfunza kijana kukimbia mbio zaidi tu.

Sheria zenyewe zimeliona jambo hili. Sheria ya Watoto ya 2001 ilimhesabu mtoto mtoro, au anayetumbukia katika ushirika mbaya, kuwa ni mtoto ahitajiye malezi na ulinzi. Ile ya 2022 iliyoshika mahali pake iliinua umri wa kushtakiwa kwa jinai kutoka miaka 8 hadi 12. Nayo sheria ya elimu humwagiza mwalimu mkuu achunguze sababu ya mwanafunzi kutohudhuria shule. Basi ikiwa sheria, idhaniwayo kuwa ngumu kama jiwe, huuliza, "Kwa nini?", yafaaje mzazi aulize, "Fimbo iko wapi?"

Msaada upo. Yuko mwalimu wa ushauri shuleni, yuko afisa wa watoto, yuko chifu, wako shangazi na mjomba ambao kijana huwasikiliza pale asipomsikiliza baba. Iko simu ya 116, ipigwayo bila malipo usiku na mchana, na mtoto mwenyewe aweza kuipiga. Nakubali kwamba maafisa ni wachache, na kwamba mzazi maskini aweza kwenda mara tatu asimkute amtakaye. Hiyo ni hoja ya kudai maafisa zaidi. Si hoja ya kunyamaza. Mkono mmoja haulei mwana, na mzazi aombaye mkono wa pili hajashindwa kulea: ndiyo kwanza analea.

Nawe, msomaji, una sehemu yako. Wewe hujua kabla ya mwalimu ni dawati lipi li tupu, na mwenye dawati yuko wapi. Kumfichia mwenzako njia ya maangamizi si urafiki. Zungumza naye, akikataa, mwambie mtu mzima umwaminiye. Huenda akakununia mwezi mzima, lakini afadhali rafiki aliyenuna kuliko rafiki aliyepotea. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na utoro ni maradhi yenye waganga, ila hawaingii katika nyumba iliyofungwa.