Mkanda Mpya, Beringi Kuukuu

"Funga mkanda tu, fundi. Hizo nyingine bado nzima." Maneno haya yanasikika kila siku kwenye gereji za Dar es Salaam, Arusha na Nairobi, na anayeyatamka hujiona mjanja aliyeikata mapema tamaa ya fundi. Nyuma yake kuna imani kwamba taiming belti peke yake ndiyo yenye umri, kwa kuwa ndiyo iliyotajiwa kilomita zake kwenye kitabu cha gari. Beringi, pampu na sili, kwa imani hiyo, hungojewa mpaka zife zenyewe. Imani hiyo ni potofu, na inaua injini za watu ambao tayari walishalipia kinga.

Mkanda haufanyi kazi peke yake. Chukua injini za Subaru za jamii ya EJ, zilizomo kwenye Forester, Impreza na Legacy tunazopishana nazo barabarani. Mkanda wake mmoja mrefu hutoka kwenye krenki, ukazungusha kemshafti ili valvu zifunguke na kujifunga kwa wakati wake. Njiani hukazwa na tenshena, huelekezwa na aidla ambazo kwa kawaida ni tatu, moja ikiwa na meno, na huizungusha pampu ya maji. Hizo ni beringi tano kwenye njia moja. Ikikwama moja tu, mkanda uliofungwa mwezi jana hukatika, hunyofoka meno au huruka. Na katika Subaru nyingi, na karibu dizeli zote, valvu iliyoachwa wazi hugongwa na pistoni inayopanda. Ikifika hapo husikii tena habari ya beringi. Silinda hedi inafunguliwa, valvu zinanunuliwa, na ukikosa bahati unatafuta injini nyingine.

Wanaosema beringi haina umri tupige nao hesabu. Toyota na Subaru nyingi za soko la Japani hubadilishwa mkanda zikifika kilomita 100,000. Tuseme gari limekwenda kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa: hizo ni saa 2,500. Tuseme injini imezunguka kwa wastani wa mara 2,000 kwa dakika. Krenki itakuwa imezunguka mara milioni 300. Puli ya aidla iliyokaribiana ukubwa na ya krenki imezunguka karibu idadi hiyohiyo, na iliyo ndogo zaidi imezidi. Mizunguko yote hiyo imebebwa na grisi iliyotiwa kiwandani, kwa sababu beringi hizi zimezibwa na hazina mahali pa kuongezewa nyingine. Anayeiacha beringi ndani anaidai grisi hiyo, iliyokwisha kupikwa na joto kwa miaka, ivumilie kilomita 100,000 nyingine.

Utajibiwa kwamba fundi ameizungusha beringi kwa kidole na ikaenda vizuri. Kidole hupima nini? Kinaizungusha beringi ikiwa imepoa, haina mzigo, mizunguko miwili mitatu. Beringi inayokwaruza au kucheza kidoleni imekwisha, hilo halina ubishi. Lakini isiyokwaruza haijathibitisha lolote. Ile inayozunguka kwa wepesi wa kupendeza, ikaendelea yenyewe baada ya kuachiwa, ndiyo ya kuogopa, maana mara nyingi wepesi huo ni dalili ya grisi iliyokauka.

Wengine hutulia kwa sababu gari limekuja na stika ya Kijapani ndani ya boneti, imeandikwa tarehe na kilomita za kubadilishwa mkanda. Stika hiyo ni ushahidi wa mkanda, na kuhusu beringi mara nyingi haisemi neno. Ndivyo ilivyo na taa ya T-BELT kwenye dashibodi za Prado na Surf za dizeli. Taa ile huhesabu kilomita tu, na fundi anaweza kuirudisha sifuri hata kama ndani hakubadilisha kitu.

Hesabu ya fedha ndiyo inayoivua nguo imani hii. Katika kazi ya taiming belti, sehemu kubwa ya ufundi ni kuufikia mkanda wenyewe: kutoa mikanda ya nje, kulegeza boliti ya puli ya krenki, kuvua makava, na pengine kuondoa feni za rejeta. Ukishafika hapo, aidla hutolewa kwa boliti moja. Sili za krenki na kemshafti ziko nyuma ya puli zilezile, na bei yake ni ndogo kuliko chochote kwenye orodha. Zikikakamaa kwa joto huvujisha oili juu ya mkanda, na mpira ulioloweshwa oili hulainika na kuoza kabla ya siku zake. Anayekataa sili leo atalipia njia hiyohiyo kesho, pamoja na mkanda wa pili.

Simwombi mtu abadilishe kila kitu kwa upofu. Kwenye injini ya EJ, na kwenye ile ya 3S ya RAV4 za mwanzo, pampu ya maji huzungushwa na mkanda wa taiming, kwa hiyo ibadilishwe pamoja nao, hasa katika magari yetu ambayo hunyweshwa maji ya bomba badala ya kuulanti. Kwenye injini ya 5A ya Corolla au 1KZ ya Prado, pampu huzungushwa na mkanda wa nje. Anayekuuzia pampu ya magari hayo kwa kisingizio cha taiming muulize sababu nyingine. Kanuni ni rahisi: kila chenye beringi kinachoguswa na mkanda, na kila sili inayoweza kuumwagia oili, huondoka nao.

Najua mafundi wezi wapo, ila dawa yao si kubakiza beringi chakavu. Nunua spea mwenyewe kwa muuzaji unayemwamini, simama wakati zinafungwa, dai za zamani mkononi. Usidanganywe pia na tenshena iliyong'olewa kwenye injini ya mtumba, iwe ni Shaurimoyo ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, kwa hoja kwamba "original" iliyotumika inaishinda mpya. Jina la watengeneza beringi kama NTN au NSK lililogongwa juu yake halifuti kilomita ilizokwisha kubeba. Kampuni kama Aisin na Gates huuza mkanda, tenshena, aidla na pampu katika boksi moja kwa sababu zinajua vitu hivyo huchakaa pamoja.

Kama fedha za seti nzima hazijatimia na kilomita zimekwisha, egesha gari mpaka zitimie. Kufunga nusu ni kukubali kulipa ufundi mara mbili, na mara ya pili bili huja na bei ya silinda hedi.