Kombe la Mwaka Mmoja au Timu ya Miaka Mitatu?

Kila muhula wa pili unapowadia, walimu wa michezo katika shule za upili za Kitengela, Isinya na Kajiado mjini hukabiliwa na swali moja ambalo aghalabu haliulizwi kwa sauti. Timu ya kandanda ni dhaifu. Msimu uliotangulia ilibanduliwa mapema, na mwalimu mkuu hajasahau. Je, mwalimu atumie kila mbinu aijuayo ili timu hiyo ifuzu kwa ngazi ya kaunti mwaka huu huu, au akubali kushindwa kwa muda ili aijenge upya? Nimewasikia wengi wakilijibu swali hili kwa wepesi mno, wa upande huu na wa upande ule. Maoni yangu ni kwamba timu inayosuasua sharti ijengwe upya, na kwamba katika miaka hii tuliyo nayo mwalimu hana hata nafasi ya kuchagua vinginevyo, ajapodhani anayo.

Hebu tufanye hesabu. Kidato cha Kwanza cha mwisho kiliingia shuleni Januari 2024. Mwaka 2025 shule za upili hazikupokea darasa jipya lolote. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi wakaingia Gredi ya 10 Januari 2026, na Kidato cha Nne cha mwisho kitaufanya mtihani wa KCSE mwaka 2027. Maana yake ni nini kwa mwalimu wa michezo? Ni kwamba itakapofika mwaka 2028 hatasalia mchezaji hata mmoja wa mfumo wa zamani. Nahodha wa mwaka huo, mlinda lango wake na mfungaji wake watatoka miongoni mwa wavulana walioingia Gredi ya 10 mwaka 2026 na baada yake. Isitoshe, sekondari pevu ni miaka mitatu, si minne. Mwaka ule mmoja ambao kijana wa Kidato cha Kwanza aliutumia kubeba mipira na kuwatazama wakubwa wake umeondoka.

Basi mwalimu anayewapanga vijana wa Kidato cha Nne peke yao, mechi baada ya mechi, akiwaacha wa Gredi ya 10 wakivaa sare benchini kuanzia mwanzo wa msimu hadi mwisho, anakula mbegu. Wafugaji wa Kajiado hawahitaji kufunzwa jambo hili. Ukame wa 2021 na 2022 uliwamalizia mifugo, na kila boma lililoinuka tena liliinuka kwa mitamba iliyonusurika. Hakuna mzee aliyeichinja mitamba hiyo ili wageni wasifu karamu yake.

Lakini kukimbilia kombe kuna sura nyingine iliyo mbaya zaidi, na hapa ndipo ninapotaka walimu wanisikilize. Shule isiyo na timu huishia kutafuta ya kukodi. Kijana hodari huahidiwa karo na malazi, akahamishwa kutoka kwao akiwa Kidato cha Tatu, akachezeshwa msimu mmoja. Timu ikibanduliwa, au kijana akiumia goti, ile ahadi ya karo huanza kusahaulika. Mzazi aliyekuwa amepumua hujikuta akidaiwa salio, na mwana aliyekatizwa masomo yake mara mbili hukabili mtihani bila vitabu wala rafiki. Wakati huo huo, kijana wa Kitengela ambaye angecheza nafasi hiyo amekwisha kuamini kwamba hana kipaji. Shule moja imewapoteza vijana wawili kwa ajili ya mechi nne.

Tunao mfano wa taifa zima, nao hautoki katika kandanda. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune nchini India, timu ya kriketi ya Kenya chini ya nahodha Maurice Odumbe ilipata mikimbio 166 tu, kisha ikaitimua West Indies kwa 93. Mwaka 2003, Steve Tikolo akiwa nahodha, Kenya ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia, ikashindwa na India mjini Durban. Hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya mechi za Test iliyowahi kufika hapo. Kisha? Katika Kombe la Dunia la 2011 Kenya ilishindwa mechi zote sita, na katika kikosi hicho walikuwamo bado Tikolo na Thomas Odoyo, mashujaa wale wale wa 1996. Mwaka 2014 nchi ikapoteza hadhi yake ya kimataifa ya mechi za siku moja. Sababu zilikuwa nyingi, zikiwamo fedha na migogoro ya malipo kati ya wachezaji na wakuu wao, wala sitaki kuwalaumu wazee hao wawili waliotupa heshima kubwa. Ninasema tu kwamba mtu wa miaka 39 hubaki uwanjani pale ambapo hakuna wa miaka 20 aliyeandaliwa kumpokea. Bangladesh, walioishinda Kenya kwa mpira wa mwisho katika fainali ya ICC Trophy ya 1997, walipewa hadhi ya Test mwaka 2000.

Sasa niwape haki wanaopinga. Wanasema kwamba neno "kujenga" limekuwa kichaka cha kujifichia wavivu, na katika hilo hawakukosea. Gor Mahia, klabu iliyolitwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987, ilichukua ubingwa wa ligi mwaka 1995 kisha ikakaa miaka 18, hadi 2013, bila kuuona tena. Katika miaka hiyo mashabiki waliambiwa mara ngapi kwamba timu inajengwa? Kujenga kusikokuwa na tarehe ya kumalizika ni kushindwa kulikopambwa. Wanasema pia kwamba kijana wa Kidato cha Nne ana nafasi moja tu maishani ya kuichezea shule yake, na kwamba si haki kumwambia akae kando kwa ajili ya mwaka ambao hatakuwapo. Hoja hii ni nzito kuliko ile ya kwanza. Ndiyo maana sisemi wakubwa watupwe. Wanne au watano wabakie, kila mmoja akiwa na mdogo wake wa nafasi ile ile wa kumfunza, naye ajue kwamba hiyo ni kazi yake kama kufunga mabao.

Anayetaka kuona kujenga kwa kweli atazame Mathare. Shirika la vijana la MYSA lilianzishwa mwaka 1987 na Bob Munro, likiwa na ligi za watoto ambamo timu ilijipatia pointi kwa kusafisha mtaa, si kwa kufunga mabao pekee. Mathare United ilizaliwa humo mwaka 1994, ikatwaa ubingwa wa ligi kuu mwaka 2008. Ni miaka 21 tangu ule mtaro wa kwanza kuzibuliwa. Shule haina miaka 21, lakini ina mitatu, na ina kitu ambacho Mathare hawakuwa nacho: mtaala wenye mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo, ambamo mchezo ni somo, wala si kibali cha kukwepa masomo.

Kajiado yenyewe si kaunti ya kudharauliwa. Laiser Hill ya Ongata Rongai imejipatia jina nchini katika mpira wa kikapu. Katika kandanda, hata hivyo, anayetoka kaunti hii huingia katika eneo la Bonde la Ufa lenye kaunti 14, na huko huwasubiri St Anthony's ya Kitale, ambao hawakuanza kujiandaa jana. Kufuzu kwa bahati ili kufungwa mabao matano huko hakumfunzi mtoto lolote.

Ninachopendekeza ni kidogo na hakina gharama. Mwalimu wa michezo na mwalimu mkuu waketi kabla ya msimu, waandike majina 15 ya wanafunzi wa Gredi ya 10, na wakubaliane kwamba kila mmoja wao atacheza angalau nusu ya mechi za mwaka, timu ishinde isishinde. Waandike pia mwaka ambao timu hiyo itadaiwa kombe. Karatasi hiyo itiwe sahihi na wote wawili, ibandikwe katika ukumbi wa walimu, ili msimu wa kwanza ukienda vibaya asiwepo wa kumfukuza mwenziwe kwa jambo waliloliafiki pamoja.