Malipo kwa gunia yanawamaliza vibarua wa mashine Sumbawanga

MSIMU wa mavuno unapofika Ufipa, mashine za kukoboa na kusaga mahindi mjini Sumbawanga hufanya kazi usiku na mchana. Mahindi huingia kwa malori, matrekta na mikokoteni kutoka vijijini, na sembe husafirishwa kwenda kuuzwa nje ya Rukwa. Katikati ya biashara hiyo yupo kibarua, kijana wa Malangali au wa kata jirani, anayepandisha magunia kwenye kinu, kufunga viroba na kuvipanga. Anapoanza kusinzia au kukosea kupima, huambiwa ni mvivu.

Maelezo hayo ni mepesi, lakini yanamgharimu mwenye mashine mwenyewe.

Kibarua huyo kwa kawaida hulipwa kwa gunia, na uchovu wake huanzia hapo. Dakika anayoitumia kunywa maji ni fedha inayompotea. Umeme ukikatika, anasubiri bila malipo. Ukirudi saa nne usiku, anafidia mpaka alfajiri. Sumbawanga inalifahamu jambo hili vizuri, kwani kwa miaka mingi mji ulitegemea umeme ulionunuliwa Zambia pamoja na mitambo ya dizeli, na wenye mashine walizoea kusaga saa yoyote umeme unapopatikana. Muda wa kusubiri hauhesabiwi kuwa kazi, ingawa hakuna anayepumzika akiwa amekaa juu ya gunia akisikiliza kama mota imewaka.

Halafu kuna uzito. Kibarua akibeba magunia 60 ya kilo 100 kwa siku, mara moja kuyashusha kwenye lori na mara ya pili kuyapeleka kwenye kinu, mabega yake yamepitisha tani 12. Shirika la Kazi Duniani (ILO), katika Pendekezo lake Na. 128 la mwaka 1967, lilitaka mzigo wa kubebwa na mwanamume mtu mzima usizidi kilo 55. Lumbesa imepigwa vita miaka mingi kwa sababu inamwibia mkulima. Mgongo wa anayeibeba hutajwa mara chache.

Vumbi la pumba na kelele za kinu huongeza uchovu, na baridi ya Juni na Julai kwenye uwanda huu wa juu humpata mtu akitoka nje na jasho. Hayo angalau yanaonekana. Lisiloonekana ni shamba. Vibarua wengi ni wakulima pia. Msimu wa kulima ukianza, mtu anayetoka zamu ya usiku hupitia nyumbani kuchukua jembe, na anayejua kazi ya kutengeneza matuta ya ntumba hahitaji kuelezwa jioni anarudi mashineni na nguvu kiasi gani. Mwenye mashine huona saa kumi za kazi wakati mwili umefanya kumi na sita.

Mwaka 1997 watafiti Drew Dawson na Kathryn Reid wa Australia walionyesha kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo utendaji wake hushuka sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 katika damu. Hakuna mwenye mashine atakayemruhusu mlevi asogelee mkanda unaozunguka. Aliyekesha anaruhusiwa, na hata husifiwa kwa kujituma.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka mipaka iliyo wazi. Saa za kawaida ni 45 kwa wiki, na hata pakiwa na saa za ziada, siku moja isizidi saa 12. Anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya dakika 60. Kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia tano ya mshahara. Kulipwa kwa kipande hakumwondoi mfanyakazi katika ulinzi huo.

Wenye mashine wana hoja yao: msimu ni mfupi, faida ya sembe ni ndogo, na anayesimamisha kinu saa moja humpa jirani yake wateja. Hoja hiyo ina ukweli, na ndiyo maana mmoja peke yake hawezi kubadilika. Wakikubaliana mjini kote kulipa kiwango cha chini cha siku, kisha nyongeza kwa gunia, hakuna atakayekimbiwa. Kundi la tatu la zamu na matoroli machache ni gharama, lakini kiroba kilichopimwa vibaya, mota iliyoungua kwa kutoangaliwa na mkono uliokatika ni gharama pia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo tangu 2015, lakini kibarua ambaye jina lake halipo kwenye daftari lolote huishia kuchangiwa nauli na wenzake.

Maofisa kazi na wakaguzi wa OSHA nao wapange safari zao kwa kufuata kalenda ya mahindi. Waje Julai, saa nane usiku, vinu vikiwa vinaunguruma. Anayekuja Februari mchana atakuta uwanja umefagiliwa na mlinzi amelala.