Isiolo Yajua Kungoja

Wapo walimu na waandaaji wa michezo ya kuigiza, hata huko Isiolo kwenyewe, kaskazini mwa Kenya, wanaoamini kwamba tamthilia ya ubwege ni mambo ya Wazungu wasomi. Mchezo wa watu wawili wanaoongea tu, kisa hakiendi mbele wala hakirudi nyuma, upelekwe Nairobi au Paris. Mfugaji wa Merti na mama anayeuza miraa mjini wapewe mchezo wenye ujumbe: chanjeni mifugo, acheni wizi wa ng'ombe, kaeni kwa amani. Imani hii imezoeleka mno. Ni dharau iliyovishwa nguo za huruma.

Anayesingiziwa kuwaandikia wasomi tu ni mwandishi Samuel Beckett. Alizaliwa Ireland mwaka 1906, akahamia Paris, na tamthilia iliyompa jina, En attendant Godot, aliiandika kwa Kifaransa. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa katika kundi la siri lililowapinga Wajerumani. Kundi liliposalitiwa mwaka 1942, alitoroka na mwenzake Suzanne, wakajificha kijijini Roussillon, kusini mwa Ufaransa, kwa zaidi ya miaka miwili. Huko alifanya vibarua mashambani apate chakula, akingoja vita viishe bila kujua vitaisha lini.

Mchezo wenyewe ulionyeshwa mara ya kwanza Paris, Januari 1953. Watu wawili wako njiani, penye mti mmoja, wanamngoja bwana Godot. Mmoja anahangaika kuvua kiatu kinachombana. Anapewa karoti, anaitafuna. Jioni anafika mtoto na salamu: bwana hatakuja leo, kesho atakuja bila shaka. Kesho yake mti umechipua majani machache, na mtoto analeta salamu zile zile.

Hapo kuna kipi cha kumshinda mtu wa Isiolo? Kwa miaka mingi lami ilikomea mjini humo, na waliotoka kaskazini wakielekea Nairobi walisema wanakwenda Kenya. Machi 2012, viongozi wa wakati huo wa Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia, Mwai Kibaki, Salva Kiir na Meles Zenawi, walizindua huko Lamu mradi mkubwa wa miundombinu wa LAPSSET. Isiolo iliahidiwa reli, bomba la mafuta na jiji la kitalii upande wa Kipsing. Vijana waliosikia ahadi hizo wakiwa shuleni sasa wanalea watoto wao, na reli haijafika. Uwanja wa ndege ulizinduliwa mwaka 2017, lakini njia ya kurukia ni fupi mno kwa ndege kubwa za mizigo. Watu hawa wanamjua vizuri mtoto wa salamu. Wamempokea kila msimu wa kampeni. Na mti uliotoa majani mawili matatu baada ya mvua ya siku moja, wao ndio wangemfafanulia profesa.

Novemba 1957 mchezo huo wa Godot ulipelekwa katika gereza la San Quentin, California. Wafungwa wapatao 1,400 waliutazama, nao wakaufuata kwa utulivu ambao kumbi za mabwana wengi waliosoma hazikuwa nao. Hawakuhitaji maelezo. Kungoja kulikuwa kazi yao ya kila siku.

Wala ubwege si mgeni katika Kiswahili. Mtoto gani wa shule hajasikia jinsi sufuria ya Abunuwasi ilivyozaa, kisha ikafa? Mwaka 1995 Said Ahmed Mohamed, Mzanzibari, alitoa Amezidi, iliyochapishwa Nairobi. Wahusika wake ni Ame na Zidi. Tamka majina hayo kwa pamoja usikie mwandishi alichokificha humo. Ni mafukara wanaoishi pangoni, wakijipumbaza kwa maneno huku dhiki ikiwala. Wahakiki wameisoma kama picha ya nchi zinazoishi kwa kutegemea misaada. Kaunti ambayo magunia ya chakula cha msaada yamepita kila ukame haihitaji mwongozo wa mtahini kuielewa.

Michezo ya amani na chanjo ina kazi yake, na imeokoa watu na mifugo. Kosa ni kuifanya ndiyo riziki pekee ya mtazamaji wa kaskazini, kana kwamba yeye ni wa kuelekezwa tu, hana haki ya kutazama mashaka yake mwenyewe jukwaani na kuyacheka. Ndiyo maana hata klabu za drama shuleni zinaikwepa Amezidi: waamuzi watauliza ujumbe uko wapi.

Zisiikwepe. Mchezo wa namna hii hautaki ukumbi wala taa. Unataka waigizaji wachache waliojifunza kunyamaza kwa muda unaostahili, kivuli cha mgunga, na nauli ya kufika Garbatulla, Oldonyiro na Merti. Uanze alasiri jua likipunguza makali, kabla mifugo haijarudi. Ukiisha, mwalimu akae kimya, awaache wazee waanze kusema.