Bega Linalorudi Kuuma
Kijana anayevuta nyavu za omena ufukweni Dunga usiku kucha akisema bega linamuuma, kila mtu ana jibu: ni kazi nzito, chua, pumzika. Mara nyingi ni kweli, maana kuvuta na kupiga kasia huchosha misuli na kano. Wasiwasi wangu uko kwenye bega la aina nyingine, linalouma bila kuteguka, likapoa, likarudi baada ya wiki chache, na kumnyima mtu usingizi hata siku asizoingia ziwani. Hapa Kisumu bega kama hilo litukumbushe selimundu, ugonjwa wa kurithi unaopinda chembe nyekundu za damu. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu nchini akakuta wenye chembe hizo ni wengi Pwani na kandokando ya ziwa letu. Mwaka 1954 akaonyesha kwamba anayezirithi kwa mzazi mmoja hupata kinga dhidi ya malaria. Anayezirithi kwa wazazi wote wawili huugua. Chembe zilizopinda huziba mishipa midogo, na kichwa cha mfupa wa bega, kama cha nyonga, kikikosa damu hufa polepole, huku picha ya eksirei ikionekana safi mwanzoni. Wengi hugunduliwa utotoni, lakini wapo wanaofika utu uzima wakimeza tu dawa za maumivu, na hilo linaniuma sana. Kijana, bega likirudi kuuma bila sababu, omba upimwe damu, na umweleze daktari kama kuna ndugu yako mwenye selimundu.